Huduma ya Kwanza kwa Majeruhi Mahututi Mkoani Singida

Huduma ya kwanza kwa majeruhi mahututi ni jumla ya hatua zinazochukuliwa na watu walio karibu na tukio, wawe na ujuzi wa tiba au wasiwe nao, ili aliyeumia vibaya asife wala hali yake isizidi kuharibika kabla ya kufikishwa kwa mganga. Majeruhi huhesabiwa kuwa mahututi pale jeraha linapoziba njia ya hewa, linapovuruga upumuaji, linapomwaga damu kwa kasi ambayo mwili hauwezi kuifidia, au linapogusa ubongo na uti wa mgongo. Katika miji yenye magari ya wagonjwa yanayofika ndani ya dakika chache, kazi ya mpita njia huishia kwenye kupiga simu na kukandamiza kidonda. Mkoani Singida mpita njia huyo huyo ndiye mara nyingi anayemtoa majeruhi kwenye gari lililopinduka, anayemfunga, anayesimamisha gari la kumbeba na anayempakata hadi zahanati, na kwa sababu hiyo huduma ya kwanza katika mkoa huu haiwezi kuelezwa bila kuieleza pia safari.

Mkoa wa Singida una eneo la takriban kilometa za mraba 49,000 na watu zaidi ya milioni 2 kwa mujibu wa sensa ya 2022, nao umekaa katikati ya Tanzania kwenye uwanda wa juu unaofikia mita 1,500 hivi kutoka usawa wa bahari. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kupitia Dodoma huingia mkoani kwa upande wa Manyoni, hupita Ikungi na Singida mjini, kisha huteremka mlima Sekenke wilayani Iramba kuelekea Shelui, Igunga na Nzega, ikibeba mabasi ya Kanda ya Ziwa na malori yaendayo Rwanda, Burundi na mashariki mwa Kongo. Mteremko wa Sekenke unajulikana na kila dereva wa njia hiyo kwa kona zake na kwa malori yanayoishiwa breki, lakini barabara si chanzo pekee cha majeraha makubwa. Wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Sekenke, Shelui na Londoni hufukiwa na kifusi ndani ya maduara, yaani mashimo marefu ya kuchimbia ambayo kuta zake huzuiliwa kwa matimba. Warina asali wa Manyoni na Itigi huanguka kutoka kwenye miti wanakotundika mizinga. Ugomvi wa mashamba na malisho huacha majeraha ya mapanga na mishale. Nazo bodaboda, ambazo siku hizi zinafika karibu kila kijiji, huwavunja watu mapaja na miundi ya miguu. Vyanzo ni vingi, ila njia ambazo majeraha haya yote hutumia kuua ni chache, na ni uchache huo unaomwezesha mtu asiye mganga kufanya jambo la maana.

Kabla ya kumgusa majeruhi, msaidizi hutakiwa kuangalia kama kilichomuumiza bado kipo. Kanuni hii, ambayo vitabu vingi huitaja kwa sentensi moja na kupita, ina ushahidi mchungu mkoani hapa: usiku wa tarehe 28 Aprili 2014, katika kijiji cha Utaho wilayani Ikungi, wanakijiji na askari polisi walikuwa wamekusanyika barabarani penye mwili wa mtu aliyegongwa na gari, ndipo basi la abiria lilipowavamia na kuua watu wapatao 19, wakiwemo askari wanne. Kwa hiyo watu wawili wenye tochi, hata za simu, hutangulizwa pande zote mbili za barabara kwa umbali wa mita 100 au 200, na matawi ya miti hutandazwa kwa namna ambayo madereva wa Tanzania huielewa bila maelezo. Umati husogezwa nje ya lami, gari lililopata ajali huzimwa, na magurudumu huwekewa mawe. Lori la mafuta lililoanguka ni hatari ya pekee, kama ilivyodhihirika Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, ambapo watu waliokuwa wakichota petroli walilipukiwa na zaidi ya 100 wakafa. Katika maduara hatari haionekani: moshi wa injini ya pampu ya maji hujaa shimoni na kumlegeza anayeuvuta kabla hajahisi lolote, hivyo mwokoaji anayeshuka haraka kumfuata mwenzake bila shimo kupulizwa hewa safi huongeza maiti badala ya kuipunguza idadi yao.

Baada ya usalama, kazi ya kwanza ni damu. Mafunzo ya zamani yalianza na njia ya hewa, yakafuata upumuaji, kisha mzunguko wa damu, lakini uzoefu wa vita vya Irak na Afuganistani uliwafanya waalimu wengi wa tiba ya dharura kuutanguliza uvujaji mkubwa, kwa kuwa mshipa mkubwa wa paja ukikatika damu humwishia mtu katika dakika chache tu. Mtu mzima wa wastani ana damu ya lita 5 hivi. Akipoteza robo tatu ya lita huenda asionyeshe dalili. Akipoteza lita moja na nusu mapigo ya moyo huenda mbio, ngozi hupoa na kuloa jasho, kiu humshika na maneno yake huanza kuchanganyika. Akipita lita 2 hupoteza fahamu, na asipozuiwa kuvuja hufa. Hali hiyo ya viungo kukosa damu ya kutosha huitwa mshtuko wa mzunguko wa damu, nayo haina uhusiano na mshtuko wa kusikia habari mbaya.

Damu huzuiwa kwa mgandamizo, si kwa wingi wa nguo. Kosa linaloonekana mara nyingi kando ya barabara ni kurundika kanga juu ya kanga huku hakuna anayekandamiza, au kukifunua kidonda kila dakika ili kuona kama damu imekoma, jambo linalong'oa mgando uliokwisha kuanza. Kidonda kirefu cha panga begani au kwenye kinena, mahali pasipofungika, hujazwa kitambaa safi hadi ndani kabisa, kisha hukandamizwa kwa viganja viwili na uzito wa mwili kwa dakika 10 bila kuachia. Majivu, sukari na majani yaliyotafunwa huchafua kidonda bila kuuziba mshipa.

Pale ambapo damu ya mkono au mguu inaruka au inamwagika bila kusikia mgandamizo, hutumika turniketi, yaani ukanda unaokaza kiungo hadi mishipa yake yote ifunge. Za kununuliwa hazipatikani kirahisi vijijini, lakini kanga inatosha ikiwa itafungwa kwa ustadi: hukunjwa kwa urefu hadi iwe ukanda wenye upana wa vidole vinne, huzungushwa mara mbili kwenye kiungo kwa umbali wa vidole vinne juu ya kidonda, upande wa kiwiliwili, pasipo kukaa juu ya goti wala kiwiko, kisha hufungwa fundo moja, juu ya fundo huwekwa kijiti kigumu au spana ya gari, hufungwa fundo la pili, na kijiti huzungushwa mpaka damu ikome kabisa, ndipo ncha yake hufungiwa pembeni kwa kitambaa kingine ili isirudi. Majeruhi atapiga kelele kwa maumivu, na kelele hizo si sababu ya kulegeza. Kamba nyembamba na waya havifai, kwa kuwa hukata nyama na mara nyingi huziba mishipa inayorudisha damu moyoni peke yake, hivyo kidonda huvuja zaidi kuliko mwanzo. Saa ya kufunga huandikwa kwa kalamu au mkaa kwenye paji la uso, mahali ambapo mganga hawezi kukosa kupaona, na turniketi haifunguliwi njiani. Kiungo kilichofungwa kwa muda usiozidi saa 2 kwa kawaida hakiharibiki. Kinachofungwa kwa saa nyingi, kama inavyoweza kutokea kwa mtu aliyeumia katika mapori ya Rungwa, kinaweza kukatwa, na hiyo ni hasara ndogo kuliko kifo. Ieleweke kwamba turniketi haina nafasi kwa aliyeumwa na nyoka: sumu ya kifutu, nyoka wa kawaida sana katika nchi kavu kama hii, huozesha nyama, na kuifungia mahali pamoja huongeza uharibifu, hivyo mtu wa namna hiyo hutulizwa, kiungo chake hakichezwi, naye hupelekwa kwenye dawa ya sumu.

Kitu kilichochoma na kubaki mwilini, kiwe mshale, kisu au kipande cha chuma cha gari, hakichomolewi, kwa sababu huenda ndicho kinachouziba mshipa kilioutoboa. Huzungushiwa vitambaa ili kisitikisike, na majeruhi husafirishwa nacho. Utumbo uliotoka haurudishwi tumboni, bali hufunikwa kitambaa safi kilicholowa maji safi. Kidonda cha kifua kinachovuta hewa kwa sauti huachwa wazi au hufunikwa kitambaa kikavu chepesi, wala hakizibwi pande zote, kwa kuwa hewa inayoingia na kukosa njia ya kutoka hulibana pafu na kuusukuma moyo. Majeruhi wa kifua ambaye bado ana fahamu huachwa aketi au aegemee kwa namna anayoona inamrahisishia pumzi.

Njia ya hewa hufungwa zaidi na ulimi kuliko kitu kingine. Mtu aliyezirai misuli yake hulegea, ulimi huangukia nyuma ya koo, na akilala chali na damu au matapishi mdomoni hujifia kimya kimya mbele ya watu wanaodhani kwamba amelala. Dawa yake ni nyepesi kuliko watu wengi wanavyofikiri: kinachoonekana mdomoni hutolewa kwa kidole, taya la chini husukumwa mbele kwa vidole vilivyowekwa nyuma yake chini ya masikio pasipo kuigeuza shingo, na ikiwa hakuna wa kulishikilia taya, mwili mzima hugeuzwa kwa pamoja na kulazwa ubavu, uso ukielekea chini kidogo ili majimaji yatoke. Desturi ya kummwagia maji usoni na kumnywesha soda au maziwa ili azinduke imewapalia wengi. Hata mwenye fahamu asinyweshwe, ingawa ataomba maji kwa bidii, kwa sababu kiu yake ni dalili ya kuishiwa damu na huenda akahitaji kupasuliwa baada ya muda mfupi. Inatosha kumlowesha midomo. Fahamu zenyewe hupimwa kwa ngazi nne, kwamba yu macho, au anaitika akiitwa, au anaitika akifinywa tu, au haitiki kabisa, na kinachomsaidia mganga zaidi ni mwelekeo wa ngazi hizo kuliko kipimo kimoja. Aliyegonga kichwa, akaamka na kuzungumza vizuri, kisha baada ya saa moja au mbili akalemewa na usingizi, hajapumzika: huenda damu inavuja kati ya fuvu na ubongo, na huyo ni wa kukimbizwa.

Mivunjiko hufungwa gango kwa fito, mbao au mguu mzima ulio jirani, kwa kukizuia kiungo juu na chini ya palipovunjika. Kinachosahaulika ni kwamba mifupa nayo huvuja: paja lililovunjika laweza kuficha lita moja au zaidi ya damu ndani ya nyama bila tone kuonekana nje, na fupanyonga, ambalo ni pete ya mifupa ya kiunoni, huficha zaidi ya hapo. Abiria wa bodaboda anayelalamika maumivu ya nyonga hapaswi kusimamishwa ili ajaribiwe kama anaweza kutembea. Hupitishiwa kitenge kipana chini ya makalio usawa wa vichwa vya mifupa ya paja, hukazwa kwa mbele, na magoti yake hufungwa pamoja. Wote waliovuja damu hufunikwa blanketi na kutengwa na ardhi, hata mchana wa jua. Usiku wa Juni na Julai, upepo wa Singida unapopuliza kwenye uwanda, mtu aliyelowa damu hupoa haraka, na damu iliyopoa huganda kwa shida. Baridi, asidi inayoongezeka mwilini kwa kukosa hewa na kushindwa kuganda kwa damu hulishana, na zikishika zote tatu hata mpasuaji hodari hupata taabu.

Ubebaji ndio hatua inayoharibu mengi yaliyokwisha kutengenezwa. Majeruhi hukamatwa msobemsobe, huyu mkono na yule mguu, hukunjwa mgongo ili apite mlangoni mwa gari dogo, na aliyekuwa na uti wa mgongo uliovunjika lakini usiokatika anaweza kushuka akiwa amepooza. Mrina asali aliyeanguka kutoka mtini ni mfano wa kutosha: baada ya nyuki kufukizwa moshi, mtu mmoja hupiga magoti kichwani pake na kukishika kichwa kwa viganja viwili, kikiwa kimenyooka na mwili, wengine watatu hujipanga upande mmoja, begani, kiunoni na magotini, yule wa kichwani ndiye anayetoa amri, wote humgeuza kwa wakati mmoja kama gogo lisilo na kiungo, wa tano husukuma machela chini ya mgongo, kisha humrudisha juu yake. Machela hutengenezwa kwa fito mbili zilizopenyezwa kwenye magunia mawili yaliyotobolewa pembe, au hutumika kitanda cha kamba chenyewe. Gari refu la wazi, ambalo majeruhi atalala amenyooka na watu wawili wakiwa kando yake, ni bora kuliko gari dogo la starehe. Mkokoteni wa ng'ombe nao haudharauliwi pale ambapo gari halifiki, ila hutandikwa majani mengi. Lakini ubovu wa ubebaji usiwe kisingizio cha kuchelewa: mwenye kuvuja damu ndani ya tumbo hakuna atakachofanyiwa kando ya barabara, na kwake mwendo ndiyo tiba.

Ajali ya basi huleta tatizo jingine, la wengi kuumia kwa pamoja. Anayepiga kelele ana pumzi na njia ya hewa, kwa hiyo msaidizi huwapita wapiga kelele na kuwatafuta walionyamaza, akiwagawa katika wale wanaohitaji kitendo cha papo hapo, wanaoweza kungoja, wanaotembea wenyewe, na waliokwisha kufa. Wanaotembea hukusanywa mahali pamoja na kupewa kazi ya kukandamiza vidonda vya wenzao. Asiyedhaniwa kuwa hai huweza kuwa hai: katika ajali ya Karatu, mkoani Arusha, tarehe 6 Mei 2017, ambapo basi la wanafunzi lilitumbukia korongoni na kuua zaidi ya watu 30, watoto watatu walinusurika baada ya kusaidiwa na wapita njia Wamarekani wenye ujuzi wa tiba.

Zahanati iliyo karibu huweza kuweka dripu na kufunga upya vidonda, lakini majeruhi mahututi huhitaji chumba cha upasuaji na damu. Mkoani, mahali pa namna hiyo ni pamoja na Hospitali ya Rufaa ya Mkoa iliyoko Singida mjini, hospitali ya Kiomboi wilayani Iramba, na zile za mashirika ya dini ambazo kwa miongo mingi zimebeba mzigo mkubwa wa vijiji, yaani Makiungu ya Wakatoliki wilayani Ikungi, Mtakatifu Gaspar ya Itigi na Iambi ya Walutheri huko Mkalama. Wenye majeraha ya ubongo na mengine yaliyozidi uwezo wa mkoa hupelekwa Dodoma, safari ya kilometa 240 hivi kutoka Singida mjini, au hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ambako idara kamili ya tiba ya dharura ilifunguliwa 2010. Asidi ya traneksamiki, dawa inayosaidia damu kuganda, ilithibitishwa na utafiti mkubwa wa kimataifa uliotangazwa 2010 kuwa hupunguza vifo vya majeruhi wanaovuja damu, lakini inapotolewa ndani ya saa 3 tu tangu kuumia. Saa hizo huhesabiwa tangu ajalini, si tangu mlangoni mwa hospitali. Mkopo wa shilingi trilioni 1.3 wa wakati wa UVIKO-19 ulijengea hospitali nyingi za Tanzania majengo ya huduma za dharura, na hilo ni jema, ingawa jengo halimfikii aliye Sekenke.

Pengo la katikati, kati ya ajali na hospitali, limejazwa kwa wajawazito na watoto wachanga kuliko kwa majeruhi. Mfumo wa m-mama, uliozinduliwa kwa nchi nzima 2022, humwezesha mama kupiga 115 bila malipo na kupelekewa gari la wagonjwa au dereva wa kijijini aliyesajiliwa na kulipwa kwa safari. Majeruhi wa barabarani hana mfumo unaolingana na huo, bali ana 112 ya polisi na 114 ya zimamoto na uokoaji, pamoja na simu ya mwenyekiti wa kijiji. Mwanza ilijaribu kuwafundisha wazimamoto na madereva wa kawaida na kuwaita kwa ujumbe wa simu wa maneno, na hakuna kinachoizuia Singida, yenye vijiwe vya bodaboda katika kila senta, kufuata njia hiyo.

Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 humtaka dereva aliyehusika katika ajali asimame na kusaidia, lakini hofu ya kipigo cha wananchi huwafanya wengi wakimbilie kituo cha polisi au porini. Fomu namba 3 ya polisi, maarufu kama PF3, ambayo ni ushahidi wa kisheria wa majeraha, imewachelewesha majeruhi wengi kwa dhana kwamba bila hiyo hakuna tiba. Kwa mwenye hali mahututi tiba hutangulia na fomu hufuata akiwa kitandani. Katiba ya Kenya ya 2010 imeliweka jambo hilo wazi zaidi katika ibara ya 43, inayosema kuwa mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Anayemfikisha majeruhi hutakiwa kusubiri hadi amweleze mhudumu kilichotokea na saa yake, majeraha yaliyoonekana, jinsi fahamu zilivyokuwa zikibadilika njiani, na alichofanyiwa, hasa saa ambayo turniketi ilifungwa, kwa kuwa hayo huamua nani atangulie kuingia chumba cha upasuaji.